Raketi Ilipokatika Uzi

Seti ya pili ya fainali ilikuwa imepamba moto pale Greysia Polii alipohisi raketi yake imelegea mkononi. Uzi umekatika. Kinyoya kingali hewani, Wachina wawili ng'ambo ya wavu wanashambulia, na katika mpira wa vinyoya mwamuzi hasimamishi mchezo kwa kuwa mtu kaharibikiwa na raketi. Ukitaka nyingine, toka mbio ukaichukue, na mwenzako umwache peke yake na upande mzima wa kiwanja: upana wa mita 6.10, na karibu mita 7 kutoka kwenye wavu hadi mstari wa nyuma. Greysia akatoka mbio kuelekea pembeni, yalipo mabegi.

Aliyebaki ni Apriyani Rahayu, mwenye miaka 23, binti wa Konawe katika kisiwa cha Sulawesi. Akarudisha alichoweza kukifikia, akarudisha tena. Ni sekunde chache tu, lakini anayejua mchezo huu anajua kwamba ndani ya sekunde chache mtu mmoja dhidi ya wawili huwa ameshakwisha. Hakuisha. Greysia akaingia na raketi mpya, akashika nafasi yake kama mtu aliyekwenda mara moja kufunga mlango, na pointi ile ikawa yao.

Ilikuwa tarehe 2 Agosti 2021, ukumbi wa Musashino Forest, jijini Tokyo. Muda mfupi baadaye jozi hiyo ya Indonesia iliwashinda Chen Qingchen na Jia Yifan kwa 21-19 na 21-15, ikachukua dhahabu ya Olimpiki ya wanawake wawili wawili. Hakuna jozi ya wanawake ya Indonesia iliyowahi kuichukua kabla yao. Greysia alikuwa amebakiza siku 9 kutimiza miaka 34.

Nimeitazama pointi hiyo mara nyingi kuliko ile ya ushindi. Sababu ni kwamba maisha yote ya Greysia kama mchezaji yamo mle ndani. Kwa takribani miaka 18 alikuwa nusu ya kitu. Alibadilishiwa mwenza mara kadhaa, mara kwa uamuzi wa makocha, mara kwa goti la mwenzake kugoma, na mara moja kwa aibu iliyoonekana dunia nzima. Kila mara ilibidi aanze upya kumzoea mtu mwingine: anapumuaje, anakimbilia wapi akibanwa, anapenda kukaa mbele au nyuma. Mtu wa namna hiyo anapoacha kiwanja katikati ya fainali ya Olimpiki na kumwachia mwenzake, amekwisha kujibu swali kubwa kuliko yote katika mchezo wa wawili.

Wengi wetu huku tumeuona mpira wa vinyoya kwenye uwanja wa shule au ua wa nyumba, watu wawili wakipigiana kinyoya taratibu jioni, hata wavu hakuna. Ule unaochezwa na kina Greysia ni mwingine. Kinyoya kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo na uzito wake haufiki gramu 6, lakini kikipigwa kombora hutoka kwa kasi inayoyashinda magari mengi ya barabarani, kisha hupoteza mwendo ghafla kwa sababu manyoya yanashika upepo. Mchezaji lazima aishi ndani ya kasi hizo mbili kwa wakati mmoja. Kwa wanawake wawili wawili kuna mateso ya ziada. Kombora moja mara nyingi halitoshi kumaliza pointi, kwa hiyo kinyoya kinakwenda na kurudi mara 30, mara 50, na zaidi. Mwenye pumzi, subira na mwenza anayemwamini ndiye anayebaki amesimama.

Na kuna ngoma ya miguu. Jozi inaposhambulia, mmoja hukaa mbele karibu na wavu na mwingine nyuma. Inaposhambuliwa, hugawana ubavu kwa ubavu, huyu kulia, huyu kushoto. Kutoka umbo hili kwenda lile ni kufumba na kufumbua, na hakuna nafasi ya kuulizana. Kinyoya kinachoanguka katikati ya wawili ndicho kinachovunja jozi nyingi. Kila mmoja anadhani ni cha mwenzake, au wote wawili wanakifuata na raketi zinagongana. Mazoezi hupunguza makosa hayo. Kuyamaliza kunahitaji muda wa kuishi pamoja, na muda ndio kitu ambacho Greysia alinyang'anywa mara kwa mara.

Alizaliwa Jakarta tarehe 11 Agosti 1987, katika familia ya Kiminahasa yenye asili ya Sulawesi Kaskazini. Baba yake alifariki akiwa bado mdogo sana. Sehemu ya utoto wake aliipitia Manado, mji wa Wakristo na wavuvi ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Sulawesi, karibu na Ufilipino kuliko ulivyo na Jakarta. Ni huko ilikoonekana kwamba mkono wake una kitu. Mama akamrudisha Jakarta ili ajiunge na klabu ya Jaya Raya, moja ya klabu zinazolea vijana wa mchezo huu tangu wakiwa watoto.

Uamuzi wa mama huyo unaeleweka zaidi ukijua Indonesia inavyoupenda mchezo huu. Mpira wa vinyoya ulipoingizwa rasmi kwenye Olimpiki mwaka 1992 huko Barcelona, Susi Susanti alishinda upande wa wanawake na Alan Budikusuma upande wa wanaume, ikawa mara ya kwanza kwa nchi hiyo kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote. Wawili hao baadaye walioana. Tangu hapo kila Olimpiki ilileta dhahabu nyingine: Atlanta, Sydney, Athens, Beijing. Nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000 ilikuwa imepata mahali pa kukutania, na mahali hapo ni kiwanja chenye urefu wa mita 13.40. Mtoto anayechukuliwa na klabu kubwa Jakarta ameingia kwenye foleni ndefu ambayo mbele yake kuna Cipayung, kambi ya taifa mashariki mwa jiji, ambako wachezaji hulala, hula na hufanya mazoezi mwaka mzima.

Greysia alifika kwenye timu ya taifa akiwa na miaka 16 hivi. Wakati huo jozi bado zilihesabu pointi kwa mtindo wa zamani, ambapo anayeanzisha tu ndiye aliyeweza kupata pointi, na seti iliishia 15. Mwaka 2006 mtindo huo ulifutwa, kila mpigo ukawa na thamani na seti ikaenda hadi 21. Wachezaji wa kizazi chake walilazimika kujifunza upya. Yeye alizoea, akiwa na Jo Novita, mwenzake wa kwanza wa kudumu. Mwaka 2008 alikuwemo kwenye timu ya wanawake iliyofika fainali ya Kombe la Uber, mashindano ya dunia ya timu za wanawake, nyumbani Jakarta. China iliwafunga, lakini nchi iliyokuwa imezoea kuwategemea wanaume wake iligeuka kuwatazama wasichana wale.

Halafu wenzi wakaanza kupishana. Aliwahi kuunganishwa na Vita Marissa. Aliunganishwa na Nitya Krishinda Maheswari, wakatenganishwa. Aliunganishwa na Meiliana Jauhari. Huyo wa mwisho ndiye aliyekwenda naye London mwaka 2012, na hapo lazima tusimame, kwa sababu habari za Greysia zinazoanza na dhahabu ya Tokyo bila kupitia London hazimtendei haki.

Katika Olimpiki ya London, kwa mara ya kwanza, mashindano ya wawili wawili yalianza kwa makundi kabla ya mtoano. Utaratibu ulikuwa na tundu. Jozi mbili zilizokwisha kufuzu zingeweza kukutana katika mchezo wa mwisho wa kundi, na atakayeshindwa akapata njia nyepesi zaidi mbele. Tarehe 31 Julai, Tian Qing na Zhao Yunlei wa China walifungwa na Wadenmaki bila kutarajiwa, wakamaliza wa pili katika kundi lao. Wachina wenzao, Yu Yang na Wang Xiaoli, waliona kwamba wakishinda kundi lao wangekutana na wenzao kabla ya fainali. Wakaingia kiwanjani dhidi ya Wakorea Jung Kyung-eun na Kim Ha-na wakitaka kufungwa. Wakorea nao wakataka kufungwa. Kinyoya kikawa kinapigwa makusudi kwenye wavu, kingine kinatolewa nje, na mpigo mrefu kuliko yote katika mchezo huo ulikuwa wa mara 4 tu. Watazamaji waliolipa viingilio katika ukumbi wa Wembley wakazomea.

Mchezo uliofuata ulikuwa wa Greysia na Meiliana dhidi ya Ha Jung-eun na Kim Min-jung, pia wa Korea. Sasa atakayeshinda kundi lile ndiye angekutana na Yu na Wang katika robo fainali. Hakuna aliyewataka. Mchezo ukaharibika vilevile. Mwamuzi mkuu akaingia kiwanjani akatoa kadi nyeusi kwa jozi zote mbili, kadi ambayo watu wengi hawajawahi kuiona katika maisha yao, kisha ikarudishwa na mchezo ukaendelea. Wakorea walishinda 18-21, 21-14, 21-12. Siku iliyofuata shirikisho la dunia likazifukuza jozi zote 4 kwenye mashindano kwa kosa la kutojitahidi kushinda.

Yaliyofuata yana upande wake wa kugusa. Nafasi zilizoachwa wazi zilijazwa na jozi zilizokuwa zimekwisha kutolewa, na miongoni mwao walikuwa Michelle Edwards na Annari Viljoen wa Afrika Kusini, waliojikuta ghafla kwenye robo fainali ya Olimpiki. Warusi Valeria Sorokina na Nina Vislova, nao walioitwa warudi, waliondoka na medali ya shaba. Indonesia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1992, ilirudi nyumbani bila medali hata moja ya mpira wa vinyoya.

Sitasema kwamba Greysia hakukosea. Alikosea, na mtu aliyepanga siku ya likizo yake na kununua tikiti alikuwa na haki ya kuzomea. Lakini nasema pia kwamba waliotunga utaratibu ule waliwaweka wachezaji mahali ambapo kushinda ni kujiumiza, kisha wakaadhibu wachezaji peke yao. Baadaye utaratibu ulibadilishwa: wanaomaliza wa pili katika makundi hupangiwa wapinzani kwa kura, ili mtu asiweze kuchagua njia. Kubadilishwa huko ni kukiri. Greysia hakunufaika na kukiri huko. Wakati ule alikuwa na miaka 24, karibu 25, na jina lake lilikuwa limeandikwa katika orodha ambayo hakuna mchezaji anayetaka kuwamo.

Wengine katika hali yake huondoka, na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye alibaki Cipayung, akaendelea kuamka kabla ya jua. Mwaka 2013 wakamrudishia Nitya.

Nitya ni mrefu na mtulivu, mwenye mkono mzito nyuma. Greysia ni mwepesi wa maneno na wa macho, anayeona pengo kabla halijafunguka. Wote wawili walikuwa wamekwisha kupitia mengi, na safari hii waliachwa wakae pamoja. Mwaka 2014 katika Michezo ya Asia huko Incheon, Korea Kusini, walifika fainali dhidi ya Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi, ambao miaka miwili baadaye wangekuwa mabingwa wa Olimpiki. Wakawafunga 21-15, 21-9. Indonesia ilikuwa haijapata dhahabu ya Asia katika wanawake wawili wawili tangu mwaka 1978, miaka 36. Mwaka uliofuata wakapata shaba ya ubingwa wa dunia mbele ya watu wao Jakarta, wakashinda pia mashindano ya Korea.

Kwa hiyo walikwenda Rio mwaka 2016 wakiwa na matumaini. Robo fainali ikawakutanisha na China, na mmoja wa wale Wachina alikuwa Yu Yang, yuleyule wa London, naye akiwa amerudi na mwenza mwingine, Tang Yuanting. Watu wawili waliofukuzwa pamoja katika ukumbi mmoja, miaka minne baadaye wakatazamana kwenye wavu wakicheza kwa nguvu zao zote. Yu Yang alishinda. Siku chache baadaye, tarehe 17 Agosti, siku ya uhuru wa Indonesia, Tontowi Ahmad na Liliyana Natsir walishinda dhahabu ya jozi za mwanamke na mwanamume, na nchi nzima ikaingia mitaani. Greysia alirudi nyumbani katikati ya furaha ya wengine.

Mwisho wa mwaka huo Nitya akafanyiwa upasuaji wa goti. Greysia alikuwa na miaka 29, mwenza hana, Olimpiki mbili zimepita na moja ni jeraha. Alifikiria kustaafu, na amelisema hilo wazi katika mahojiano mengi. Aliyemzuia ni kocha Eng Hian, ambaye mwenyewe alicheza wawili wawili na kupata shaba ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Hoja yake haikuwa ya kumpamba. Alimwomba avumilie kidogo awasaidie wadogo kukua, kabla ya kuondoka.

Nadhani hapa ndipo penye kiini cha mtu huyu. Mchezaji wa hadhi yake, mwenye dhahabu ya Asia, kuombwa abaki kama mlezi ni jambo linaloweza kumchoma. Ni kama fundi mkuu kuambiwa ashike tochi ili mwanafunzi aone. Akakubali.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Apriyani. Ametoka kijijini Konawe, Sulawesi Kusini-Mashariki, upande mwingine kabisa wa kisiwa kilekile cha asili ya kina Polii. Habari inayosimuliwa Indonesia kila anapotajwa ni kwamba raketi yake ya kwanza baba yake alimchongea ya mbao. Alikuwa na miaka 19, ana nguvu, ana hasira ya kushinda, na kila pointi anayopata hupiga kelele hadi juu ya paa. Kati yake na Greysia kulikuwa na tofauti ya karibu miaka 11. Greysia alipokuwa akicheza fainali ya Kombe la Uber, Apriyani alikuwa mtoto wa miaka 10.

Walianza pamoja Mei 2017, kwenye Kombe la Sudirman, mashindano ya timu za wanaume na wanawake kwa pamoja, huko Australia. Wiki moja baadaye wakashinda mashindano ya Thailand. Oktoba wakashinda Paris, ambako walipofika hakuna aliyewapigia hesabu. Mpango wa kumlea mdogo na kuondoka ukafa kifo cha kawaida, bila mtu kuutangaza.

Ukiwatazama katika michezo ya miaka ile, utaona kazi ya ulezi ikifanyika mbele ya kamera. Apriyani akikosea, Greysia anamfuata, anamgusa raketi kwa raketi, anasema neno moja, anatabasamu. Apriyani akipandwa na jazba, Greysia anachukua muda mrefu kidogo kufunga kamba za viatu. Mara nyingi yeye ndiye anayekaa mbele, kwenye wavu, akimtengenezea mdogo wake njia ya kupiga kombora kutoka nyuma. Watu hukumbuka aliyepiga kombora. Aliyelitengeneza kwa mguso laini mara mbili kabla huonwa na wachache, na Greysia alikuwa bingwa wa miguso hiyo.

Shaba ya dunia mwaka 2018 Nanjing, shaba nyingine mwaka 2019 Basel. Dhahabu ya Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia mwishoni mwa mwaka 2019, iliyochezwa Muntinlupa, Ufilipino, kule ng'ambo ya bahari ukitokea Manado. Januari 2020 wakashinda Indonesia Masters ndani ya Istora, ukumbi wa Jakarta ambao anayecheza mchezo huu popote duniani anaujua kwa kelele zake. Seti ya mwisho iliishia 23-21. Tokyo ilikuwa miezi sita mbele.

Kisha korona. Olimpiki ikasogezwa mwaka mzima. Kwa kijana wa miaka 22 hiyo ni subira. Kwa mtu anayekaribia 33, ambaye kila asubuhi anaamka akisikiliza magoti yake, mwaka mmoja ni kitu kikubwa sana. Desemba 2020 Greysia aliolewa, na katika siku hizohizo za harusi kaka yake akafariki. Furaha na matanga vikakutana chini ya paa moja. Wiki chache baadaye alikuwa Bangkok, katika mashindano yaliyochezwa bila watazamaji na wachezaji wakifungiwa hotelini, akashinda pamoja na Apriyani taji la Thailand. Sijui mtu anapata wapi nguvu za namna hiyo. Najua tu kwamba katika mchezo wa wawili, siku ambayo miguu yako inakataa, kuna mtu mwingine kiwanjani aliyekuja kwa ajili yako.

Walipofika Tokyo, macho ya Indonesia yalikuwa kwa Marcus Gideon na Kevin Sanjaya, jozi ya wanaume iliyokuwa namba 1 duniani. Greysia na Apriyani hawakuwa miongoni mwa jozi 4 zilizopewa nafasi za juu. Wakapangwa kundi moja na Yuki Fukushima na Sayaka Hirota, wenyeji na vinara wa dunia. Hirota alicheza goti likiwa limefungwa kifaa cha kulishikilia kwa sababu ya jeraha, na alicheza kishujaa. Waindonesia walishinda kwa seti tatu, 24-22, 13-21, 21-8, wakaongoza kundi. Wakati huo Marcus na Kevin walitolewa robo fainali, na nchi ikageuza shingo.

Robo fainali dhidi ya Du Yue na Li Yinhui wa China ilikuwa ya kuvunja mgongo: 21-15, 20-22, 21-17. Walikuwa na pointi 20 mkononi katika seti ya pili, ikawaponyoka. Jozi nyingi huanguka papo hapo, kwa kuwa seti ya tatu huanza na majuto. Hawakuanguka. Nusu fainali waliwafunga Lee So-hee na Shin Seung-chan wa Korea Kusini 21-19, 21-17.

Kisha fainali, na Chen na Jia, mabingwa wa zamani wa dunia. Chen ni mwanamke mwenye sauti inayotikisa ukumbi hata ukumbi ukiwa mtupu, na siku ile ulikuwa mtupu kweli, kwa kuwa Tokyo ilizuia watazamaji. Viatu vilisikika vikilia sakafuni. Pumzi zilisikika. Seti ya kwanza ilikwenda karibu bega kwa bega, kisha Waindonesia wakaifunga. Ya pili waliianza wakiwa wametulia kwa namna inayomtisha mpinzani, na ndipo uzi ulipokatika, Greysia akakimbia, Apriyani akabaki, na pointi ikawa yao.

Kinyoya cha mwisho kilipoanguka, wote wawili walianguka nacho. Wakalia. Eng Hian, aliyemwomba Greysia asubiri kidogo, akawakumbatia. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ambayo Indonesia iliipata katika Olimpiki hiyo, na kwayo ikawa nchi ya pili duniani, baada ya China, kuwahi kushinda dhahabu katika aina zote 5 za mchezo huu. Kule kwa kina Apriyani viongozi waliahidi ng'ombe 5 na nyumba. Kwingine huenda walicheka kusikia ng'ombe. Msomaji wa huku hana haja ya kuelezwa uzito wa zawadi hiyo.

Sikupenda jinsi vyombo vingi vya nje vilivyoandika siku zile kwamba Greysia amefuta aibu ya London. Medali haifuti chochote. Mwanamke wa Wembley na yule wa Tokyo ni mmoja, na naona ni vizuri hivyo. Aliyejua ladha ya kufukuzwa ndiye aliyejua namna ya kumtuliza msichana wa miaka 23 aliyebakiza pointi chache tu kuwa bingwa. Mwaka huohuo wa 2021 aliingia kwenye kamati ya wachezaji ya shirikisho lilelile lililomfukuza miaka 9 nyuma, kisha akaiongoza. Sasa mwenye kukaa mezani utaratibu unapojadiliwa alikuwa mtu anayejua utaratibu mbovu unavyomfanya mchezaji.

Tarehe 12 Juni 2022 aliaga rasmi ndani ya Istora, siku ya fainali za Indonesia Masters, ili watu wake waliokosa kuwapo Tokyo wapate angalau kupiga makofi. Palikuwa na machozi, wenzi wa zamani, na zile kelele za "In-do-ne-sia" zinazopanda ngazi kwa ngazi hadi dari.

Na siku hiyohiyo, kiwanja hichohicho, Apriyani alikuwa na fainali ya kucheza. Ng'ambo ya wavu walisimama Chen Qingchen na Jia Yifan, walewale. Pembeni yake alisimama mwenza mpya, Siti Fadia Silva Ramadhanti, aliyezaliwa mwaka 2000 na ambaye walikuwa wameanza kucheza pamoja mwezi mmoja tu nyuma. Walifungwa, 21-18, 21-12. Jozi yao ilikuwa changa mno, na safari hii mkubwa kiwanjani alikuwa Apriyani.